Mandari Iliyokatwa na Bei ya Mafuta

Ami yangu, kaka mkubwa wa baba, alikuwa na mashua isiyo na mlingoti. Mlingoti ulikuwapo zamani. Akaukatisha kwa fundi wa Matondoni siku alipotia injini, kwa sababu hakutaka mtu aione mashua yake kwa mbali akaidhania ya wachukuzi wa boriti. Fundi alimshauri auache, akamwambia injini ni chuma, na chuma nacho huugua. Ami alimcheka. Ule mti mzuri ukaletwa nyumbani, ukalazwa uani kutoka ukuta hadi ukuta, ukawa wa kuanikia nguo. Nimeanika mashuka mengi juu yake, na kila nilipoanika nilimdharau ami upya.

Ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba yetu. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mama alipomaliza eda akabaki palepale kwa shemeji yake, katika chumba cha chini, kwa kuwa pale mjini Amu yeye hakuwa na nyumba yake wala ndugu. Mama alikuwa mtu wa Siyu, ng'ambo ya maji. Wenyeji wa Amu wana mizani ndani ya masikio: ukisema maneno mawili wameshajua ulikotoka na wameshakuweka mahali pako. Mama aliposema walisikia mashamba, tumbaku na harufu ya ngozi. Nao hao hao waliokunja pua walivaa viatu vilivyoshonwa Siyu, na nazi za Siyu ndizo zilizokuwa katika wali wao.

Nieleze mandari, maana vijana wa leo wakilisikia neno hilo hudhani ni kwenda Shela kupigana picha. Kwetu mandari ilikuwa ni kutoka mjini asubuhi na vyungu, mikeka na watoto, kwenda mahali penye kivuli na kisima kitamu, mkapika, mkaimba, mkalala kidogo, mkarudi maji yalipojaa. Wanaume walikuwa na yao wakati wowote walipojisikia. Wanawake wa nyumba yetu walikuwa na moja tu kwa mwaka, siku chache baada ya Idi, na kwa miaka mingi mandari hiyo ilikuwa ikienda Siyu. Haikwenda huko kwa bahati. Mama ndiye aliyeisogeza, pole pole, mwaka baada ya mwaka, kwa kusifu maji ya Siyu na vivuli vya Siyu, mpaka wenzake wakaamini ni wao wenyewe walioipenda. Mama yake, bibi yangu, alikuwa akiishi huko.

Utaniuliza kwa nini hakusema wazi kwamba anataka kwenda kumwona mama yake. Hukujua Amu ya siku zile. Mke, na mjane zaidi, akiomba kwenda kwao pasipo na harusi wala msiba, ameshasema mengine yote: kwamba halishwi, kwamba anaonewa, kwamba nyumba ya mume imemshinda. Watu hawangoji maelezo. Basi mwanamke mwenye staha hupita upande, akaifunika haja yake kwa jina la pumbao. Mama alikuwa na staha nyingi kuliko ilivyomfaa. Watu walimsifu kwayo, na mimi tangu nilipoanza kupata akili niliiona staha ile kuwa ni kamba tu, ila imetiwa manukato.

Siku ya mandari wenzake walipokuwa wakicheza na kupigana maji kisimani, mama alikaa barazani pa bibi, wamechukua miyaa ya kusukia mikeka, kila mmoja anasuka ukili wake. Hawakusemezana sana. Kila baada ya muda bibi alinyoosha mkono akaupima ukili wa mama kwa vidole, akasema umelegea, na mama akaufumua akaanza tena. Mwanamke mzima, mwenye binti wa kuolewa, anafumua ukili! Na uso wake siku hiyo ulikuwa uso ambao sikuuona siku nyingine yoyote ya mwaka. Hilo ndilo lililokuwa mandari kwake, na mafuta ya mashua ya ami ndiyo yaliyokuwa njia.

Kisha mafuta yakapanda. Ilikuwa mwaka ule mfereji wa Suez ulipofungwa kwa vita, na meli zikawa zinazunguka Afrika nzima. Muuza duka aliongeza bei ya petroli, akaongeza ya mafuta ya taa, akaongeza na ya viberiti, ambavyo sijui navyo vilipitia mfereji gani. Barazani kwa ami palichangamka. Wanaume ambao hawajawahi kufika hata Malindi walieleza Suez ilivyo, upana wake, kina chake, na nani angepaswa kufanya nini. Walikuwa na mgeni siku hizo, karani wa serikali aliyetoka bara, kijana Mkristo mpole, na huyo ndiye pekee aliyesema kwamba yeye huo mfereji haujui vizuri. Hawakumsikiliza. Debe tupu haliachi kuvuma, na pale yalikuwa madebe yamepangwa safu.

Jambo lililonichekesha kwa uchungu ni kwamba mazungumzo hayo ya kubana mafuta yalifanyika chini ya karabai. Jua halijazama bado, unaweza kuhesabu mbegu za tende mkononi, na taa inanguruma barazani ili wacheza karata wasije wakakosea shupaza na kisu. Redio nayo ilisema tangu adhuhuri, haina anayeisikiliza. Ndani, kwa upande wetu wanawake, tulikuwa tumeshapunguziwa taa, tumebakiwa na kibatari kimoja cha jikoni, na tuliambiwa tukipunguze utambi.

Ndipo ami akatuita uani kututangazia. Alisimama karibu na ule mlingoti wa nguo, amekunja mikono nyuma, sauti yake ya khutba.

"Mwaka huu hakuna mandari ya wanawake," akasema. "Mafuta yamekwea, hayashikiki. Mtu mwenye akili hukata pumbao kwanza. Tule kwanza, tuteze baadaye. Akiba haiozi."

Mkewe, ambaye alikuwa na ulimi wake, akauliza, "Na mandari yenu, Bwana?"

"Yetu si pumbao. Yetu ni heshima. Wenzetu wa Shela tumewalika, na karani ni mgeni wetu. Wataka tuaibike?"

"La, Bwana," akasema mkewe, na akarudi kwenye chungu chake. Yeye ndugu zake walikuwa mtaa wa pili. Angewaona kesho akitaka.

Mimi nilimwangalia mama. Alikuwa ameshika shuka lenye maji, na alichofanya ni kulikamua. Alilikamua mpaka halikuwa na tone, akaendelea kulikamua. Nikangoja aseme. Neno moja tu lingetosha, kwamba mamake ni mzee, apewe siku moja. Ami hakuwa katili, alikuwa mjinga tu mwenye cheo, na mjinga mwenye cheo mara nyingi hukubali akiombwa mbele ya watu. Mama akasema, "Sawa, Bwana," akaanika shuka.

Niliporudi naye chumbani nilimfokea. Nilimwambia kama hataki kusema yeye, nitasema mimi. Alinishika kidevu kwa mkono wa baridi, akaniambia nikisema nimemvua nguo barabarani. Mwaka ni mfupi, akasema. Kwani mamake atapotea? Ndivyo watu wa staha wanavyojiliwaza, na mwaka hauna habari nao.

Wanaume wakaenda mandari yao. Siku hiyo tuliamka alfajiri kuwapikia viazi vya karai, mikate ya mofa, kuku wa kupaka na mahamri, kwa mafuta ambayo hayashikiki, tukavifunga katika masinia. Petroli ilipita mlangoni petu katika madebe, juu ya punda. Mama alilitazama kila debe lilivyopita. Hatukuambiwa wanakokwenda, kwa kuwa nani huwaambia wapishi?

Walirudi alasiri wamechomwa na jua, wameshiba, wanachekana. Ami alipanda ngazi, akamtupia mama kikapu kitupu, kama mtu anayeleta zawadi.

"Twaa, Bi. Kitakufaa sokoni."

Mama alikigeuza mkononi, akatazama kitako chake. Kila mwanamke anayesuka ana mahali pake pa kufungia, na kikapu kile kilifungwa kwa mkono anaoujua. Akakinusa. Mimi pia nilikinusa baadaye: ufuta na asali. Bibi alikuwa akimtengenezea mama mabumunda kila mwaka, vidonge vya unga uliokaangwa, vya kukaa siku nyingi, na mama alikuwa akivificha na kuvila kimoja kimoja mpaka karibu mwezi wa pili. Chini ya kikapu palikuwa na chembe tu.

"Mulikwenda Siyu, Bwana?" mama akauliza. Ni mara ya kwanza kumsikia akimuuliza ami jambo.

"Naam. Karani alitaka kuiona ile ngome."

"Hawajambo?"

"Hawajambo wote. Wanakusalimia." Akapita, akaenda kulala usingizi wake.

Kwa hiyo walikwenda Siyu, kwa mafuta yaliyokuwa yamekatwa ili tusiende Siyu. Walikaa barazani pa bibi yangu, wakala samaki wake, wakapewa mabumunda ya bintiye wampelekee, wakayala njiani. Watu wazima wenye ndevu, waliobeba masinia mawili ya chakula! Nimewahi kusikia watu wakiwatetea wanaume wa zama zile, kwamba walikuwa na ukali lakini walikuwa na murua. Sijui huo murua waliuweka wapi siku ile, labda ulibaki nyumbani na mlingoti.

Mama hakulia. Alikitundika kikapu ukutani, na mimi nikadhani mambo yameishia hapo. Lakini baadaye likaja jambo ambalo hatukulielewa. Bibi alikuwa na desturi ya kumtumia mama salamu kila mashua ya Siyu ilipokuja Amu na nazi. Pamoja na salamu palikuwa na kitu, ndimu, ukili mweupe, au tumbaku ya mama kuuza. Baada ya mandari ya wanaume salamu zikakatika. Mashua ilikuja, mama akaniambia nikaulize, nikaambiwa hakuna kitu. Ikaja ya pili, hakuna. Mama akatuma salamu zake, pamoja na kanga mpya aliyoifunga vizuri katika karatasi. Kanga ikarudi imefungwa vilevile.

Hapo ndipo nilipomwona mama akianza kwisha. Alisahau chumvi. Alisimama katikati ya chumba hajui alilofuata. Alikuwa amejiaminisha kwamba mwaka ni mfupi na mama yake hatapotea, na sasa mama yake alikuwa amepotea yu hai, upande wa pili wa maji yanayovukwa kwa nusu siku. Kila usiku nilimsikia akijiuliza amekosa nini, na jibu halikuwapo, kwa kuwa hakukosa kitu.

Jibu lililetwa na mshona viatu. Alikuwa mzee wa Siyu aliyekuja Amu kila baada ya muda na mzigo wa makubazi, akauza mlango kwa mlango. Alisimama ukumbini kwetu asubuhi moja, akatupa mzigo chini, na mama akamsalimia kutoka nyuma ya pazia kama ilivyopasa. Alimuuliza hali ya mamake. Mzee akasita. Akakohoa.

"Bi, mimi ni mtumwa tu wa maneno," akasema. "Mamako asema, siku ukipata hamu, utasema."

"Hamu ya nini?"

"Ya kuya kwenu. Si wewe uliyesema Siyu imekutosha?"

Mama akalifungua pazia kwa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mwanamume asiye maharimu wake. Akamwambia aeleze tangu mwanzo, na mzee akaeleza. Alikuwapo siku ile ya mandari, alikaribishwa kahawa. Bibi aliposikia mashua ya Amu imefika alitoka mbio na fimbo yake, akatazama watu wanaoshuka, hakumwona bintiye. Aliwapikia wageni kwanza, kama inavyotakiwa. Walipokwisha kula, mbele ya wazee wa Siyu na mbele ya karani, akamuuliza ami, mwanangu yuwapi?

"Na Bwana huyo akasemaje?" mama akauliza.

"Alisema, hakutaka kuya. Asema Siyu imemtosha, mwaka huu yuwapumzika."

Nilimwelewa ami papo hapo, na hilo ndilo lililonichukiza. Hakusema vile kwa chuki. Hakuwa na kisa chochote na bibi. Ila mtu wa Amu, mwenye mashua ya injini, mbele ya watu wa Siyu anaowahesabu kuwa washamba, na mgeni wa serikali anasikiliza, angemeza ulimi wake kabla ya kutamka kwamba mafuta yamemshinda kuwaleta wanawake. Kwetu uani alikuwa maskini anayebana utambi. Barazani pa watu alikuwa tajiri asiyejua bei. Lazima mtu mmoja abebe tofauti ya hao wawili, akambebesha mama, bila ya hata kufikiri, kama mtu anayemkabidhi mtumishi koti lake. Kisha akanywa kahawa yake na akasahau kuwa alisema kitu.

Na bibi aliamini. Kwa nini asiamini? Yeye pia ni mtu wa staha, na watu wa staha hawaulizi mara mbili.

Mama akauliza, "Mashua yenu yaondoka lini?"

"Leo, mai yakiyaa," akasema. Maji yalikuwa yameshaanza kupanda.

"Tungojeni."

Hakuchukua mengi. Buibui, kanga iliyorudishwa, mswala wake, na mimi. Mke wa ami alisimama mlangoni, akauliza kuna msiba gani. Mama akamwambia hapana msiba, yuwaenda kwao. Alilisema hivyo hivyo, kwao, neno ambalo kwa miaka mingi alilizunguka kama shimo. Mke wa ami alitia mkono kinywani. Nadhani alifurahi, lakini hakuwa na ujasiri wa kuonyesha.

Amu ina njia zake za wanawake, vichochoro vya nyuma ya nyumba ambavyo unaweza kutoka mwanzo wa mji hadi mwisho usionekane na baraza hata moja. Mama alizijua zote, amezipita maisha yake yote ya Amu. Siku ile alishika njia kuu ya pwani. Ami na wenzake walikuwa wamekaa barazani, karani yuko pamoja nao, redio inasema. Nilidhani tutapita haraka. Mama akapunguza mwendo, akatoa salamu.

Ami akainuka nusu. "Wenda wapi, Bi, saa hizi?"

"Mimi nenda mandari, Bwana."

Ami akatazama wenzake, akacheka kidogo kama mtu anayesubiri achekewe. "Mandari? Na nani? Kwa mashua gani?"

"Ya tanga," mama akasema, na akaendelea na njia. Nyuma yetu nilisikia mmoja wao ameshindwa kujizuia, akapiga chafya ya kicheko ndani ya kofia yake. Ami hakutufuata. Kutufuata kungekuwa ni kueleza, na alikuwa ameshazoea mno kutoeleza.

Safari yenyewe sina la kuisifu. Nilikaa juu ya magunia matupu yanayonuka, nilitapika, na mshona viatu alinipa ndimu ninuse. Tulipofika karibu na Siyu maji yalikuwa yameshatoka kwenye mkondo wa mikoko, mashua ikakaa juu ya tope, na ikatubidi tushuke tukatembee. Mama alikunja buibui mpaka magotini mbele ya mabaharia. Tope lilimfika chini ya magoti. Mwanamke aliyeogopa watu wasimwone pazia limefunguka, sasa anakwenda na miguu myeusi hadharani, hata hajali kuitazama. Alitembea mbele yangu, upesi, na mara mbili niliita anisubiri asinisikie.

Bibi alikuwa barazani pake anasuka. Alitusikia, alituona, na hakuinua uso. Vidole vyake viliendelea na miyaa. Tulisimama mbele yake na tope letu.

"Hamu imekuya leo?" akasema.

Hapo ndipo mama angesema. Ndilo alilolijia, kwa maji na kwa tope. Nikamtazama, na unajua alisema nini? Alipiga magoti, akaushika mguu wa mama yake, akasema, "Nisamehe, mama. Nimekosa."

Alikubali! Alikuwa tayari kuubeba uongo wa yule mtu mpaka mwisho, kuliko kumwaibisha shemeji yake mbele ya jirani mmoja aliyekuwa akichungulia. Niliona kiza. Nimewadharau watu wengi maishani na ami ndiye wa kwanza wao, lakini kwa muda ule mdogo, Mungu anirehemu, niliidharau staha ya mama yangu kuliko nilivyomdharau ami.

"Si hamu, Bibi," nikasema kwa sauti. "Mafuta yalikwea bei."

Bibi akaacha kusuka. "Mafuta yapi?"

"Ya injini ya ami. Alisema ni ghali, akakata mandari yetu. Yao hakuikata. Mama hakusema Siyu imemtosha. Hakuulizwa. Hakuyua hata kwamba wanakuya huku."

Mama alinivuta kanga ninyamaze. Bibi alitutazama kwa zamu, mimi na bintiye, na uso wake ulikuwa unafanya kazi nzito.

"Kwani na upepo nao umekwea bei?" akauliza.

Akaulaza ukili magotini pake.

"Ngetuma mashua," akasema bibi. "Kila mwezi yenda mashua Amu na nazi, yarudi tupu. Neno moya tu, mwanangu. Ngekutwaa kila mwezi."

Alilisema taratibu tu, hakulalamika, na hilo ndilo lililomvunja mama. Alilia pale chini, kilio kibaya cha mtu asiyezoea, na bibi akamshika kichwa akakilaza juu ya ule ukili aliokuwa akiusuka. Miaka yote ile ya kusifu visima! Miaka yote ya kungoja Idi, kuwapembeja wanawake wenziwe, kupika, kushukuru, ili aipate siku moja, na mashua za bure zilikuwa zikipita chini ya dirisha lake zikirudi Siyu tupu. Hakuna aliyemkataza kuzipanda. Alijikataza mwenyewe, wakamsifu.

Baadaye bibi akakumbuka. "Na mabumunda?"

Nikamwambia tulipata kikapu.

Uongo alikuwa ameshaanza kuusamehe, nadhani, ila hilo hakulisamehe mpaka anakufa. "Hata kimoya?" akauliza. "Hawakumwatia mwanangu hata kimoya?" Na kila jirani aliyekuja jioni ile kumwamkua mama alielezwa kwanza habari ya mabumunda, kisha ndiyo habari ya mafuta.

Tulikaa. Siku zikawa nyingi. Amu watu wakaanza kuuliza, kama tulivyojua wataanza: kumetokea nini nyumbani kwa Bwana fulani hata shemeji yake ametoka na binti, hapana harusi wala tanzia? Ami alijibu alichojibu. Mwishowe maswali yalimzidi, akamtuma mshona viatu kwetu na ujumbe. Ujumbe wenyewe ulikuwa mzuri. Alisema hana kinyongo. Alisema mwanamke ana haki ya kuwaona wazee wake, na kwamba yeye mwenyewe, kwa mashua yake, atakuja kututwaa kwa heshima, watu wote waone. Alituomba tumtajie siku.

Mama alikuwa ndani anakuna nazi. Akamtazama bibi, na kwa mara ya kwanza sikuweza kujua anataka lipi. Bibi hakumngoja.

"Mwambie salamu zake zimefika," akamwambia mzee. "Mwambie hatuna kinyongo nasi. Lakini angoje kwanza, akiya sasa ataingia hasara bure. Na aye amtwae mwanangu mafuta yakishuka."

Mzee alikuwa mtu mwaminifu wa maneno. Alirudi Amu, akaenda barazani alasiri, wote wapo, akautoa ujumbe ulivyo, herufi kwa herufi. Yeye ndiye aliyetusimulia. Alisema ami alinyanyua kikombe cha kahawa kilichokuwa kitupu akakinywa. Yule karani wa bara, ambaye hakuwa na ubaya wala hakujua adabu yetu ya kunyamaza, akamgeukia kwa huruma ya kweli.

"Kumbe mafuta yalikuwa yamekushinda, Bwana?" akamuuliza. "Si ungetuambia tu siku ile? Tungechanga."

Mama aliishi Siyu. Alimuuguza mama yake, akamzika, akaendelea kukaa katika nyumba ileile na kusuka kwenye baraza ileile, na hakuna siku aliyoitwa mjane wa mtu fulani tena. Ami hakuja, kwa kuwa aliambiwa asubiri, na bei ya mafuta mnaijua wenyewe.